Shamba la Ukame Lililonyweshwa

Mmeniuliza, kwa simu na ana kwa ana, kwa nini siku ile mliponialika shambani Makanya niliondoka kabla ya chakula. Wali ulikuwa umeiva, mbuzi ameshachomwa, viti vimepangwa chini ya turubai. Mimi, mgeni wa heshima, nikajifunga kanga yangu vizuri na kumwomba dereva anirudishe Same. Wengine mmesema ni ukali wa uzee. Mmoja wenu ameniuliza kwa upole kama sukari imepanda. Sukari yangu iko sawa. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo ina umri mkubwa kuliko wengi wenu.

Siku ya kuniaga nilipostaafu mlinipa jembe lililopakwa rangi ya dhahabu. Nimelilimia. Rangi imetoka, jembe ni zuri. Kwenye hotuba yenu mlisema kizazi chetu kilifanya utafiti wa nafaka kwa moyo tu, bila fedha. Hilo si kweli, na sitaki mlirudie kwa wanaokuja baada yenu. Fedha zilikuwepo. Ulizeni zilifika lini, na nani alitakiwa kufurahi zilipofika.

Niliripoti Makanya miaka michache baada ya Uhuru, nikiwa na cheti cha kilimo na sanduku la bati. Kwetu ni Mhezi, juu milimani, ambako ukungu unaingia ndani kama mgeni aliyealikwa. Makanya nilikuwa nimeipita tu, nikienda chuoni kwa treni, na kila mara nilifunga dirisha kwa sababu ya vumbi. Kituo chetu kilikuwa vyumba viwili na ghala, mabaki ya shamba la mkonge. Vibarua wengi walikuwa watu wazima waliokuja zamani kukata mkonge kutoka Kigoma na Songea, kazi ikaisha, wakabaki.

Mtafiti wetu alikuwa Bwana Mwasha, mtu wa Kighare, Ugweno. Alikuwa amesomea mbegu ng'ambo na alirudi na miwani minene na shati moja zuri, ambalo alilivaa Jumapili tu. Mimi Chasu, yeye Kigweno, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, na tulipogombana kila mtu alinung'unika kwa lugha yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mzee ni baba yangu, yuko Kighare anachunga mbuzi. Wewe ndiye Bibi Shamba tuliyeletewa?"

"Ndiyo mimi."

"Chuoni wamekufundisha nini?"

"Kupanda kwa mstari, kuweka mbolea, kupalilia, kumwagilia."

"Hilo la mwisho lisahau leo, kabla hujanywa chai."

Nilidhani ni mzaha. Akanichukua mpaka ukingoni mwa shamba. Juu yake ulipita mfereji uliotoka kwenye ndiva, lile bwawa la udongo ambalo watu wetu hulijenga mlimani ili maji ya kijito yajae usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Kila kaya ilikuwa na zamu yake, na watu waliwahi kuvunjana mikono kwa zamu iliyoibwa. Mdomo wa mfereji upande wetu ulikuwa umezibwa kwa mawe na udongo.

"Unaona hapo? Pasifunguliwe," alisema. "Watu wengi wa tambarare hawana ndiva. Wana mvua tu, na mvua yenyewe unaijua. Swali letu ni moja. Ni mahindi gani yatampa mtu chakula hapa kwa mvua peke yake? Ukiyahurumia ukayapa maji, umeua swali."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: kutazama mahindi yakinyauka na kuandika yalivyonyauka. Ni kazi ngumu kwa mtoto wa mkulima. Kibarua mmoja wa Kigoma alinitazama siku moja nimesimama kati ya mistari na kipima mvua kitupu mkononi, akasema, "Bibi Shamba, kwetu mtu akiacha shamba likauke mbele ya macho yake anapelekwa kwa mganga. Hapa analipwa mshahara."

Mbegu tulizokuwa tukilinganisha zilikuwa nyingi, lakini baada ya misimu michache zilibaki mbili za maana. Ya kwanza ilikuwa chotara iliyoletwa kutoka nyanda za juu. Shina lake lilimpita mtu, gunzi lilijaa mkono, nasi tuliiita Mrefu. Ya pili tuliitengeneza wenyewe. Mwasha na mimi tulitembea nyumba kwa nyumba katika vitongoji vya tambarare tukiomba magunzi ya mbegu, yale yanayotundikwa darini juu ya mafiga ili moshi uwafukuze wadudu. Aliyetupa mazuri kuliko wote alikuwa Mama Nakijwa, jirani wa kituo, mjane mwenye ulimi mkali.

"Wakubwa wa mjini wanayataka haya mahindi yangu mafupi?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi nchi imekwisha."

Alipanda juu ya kinu akayatungua. Yalikuwa meusi kwa masizi. Hakunikabidhi mara moja.

"Haya yamekula moshi tangu mama mkwe wangu yuko hai. Nakukopesha, mwanangu, sikupi. Siku ukipata mbegu unayoisema, kikapu kimoja ni changu."

"Kitakuwa chako, mama."

Kutokana na magunzi hayo na ya majirani zake Mwasha alichagua na kuchanganya, msimu baada ya msimu. Mimi nilifunika mbelewele kwa mifuko ya karatasi ili chavua isipeperuke ovyo, nikachavusha asubuhi kabla ya upepo kuanza. Upepo wa Makanya ukianza hauna adabu. Tulichopata ni mahindi mafupi, yenye magunzi madogo, yanayokomaa haraka mvua ikiwa bado na nia njema. Tuliyaita Kifupi. Hayakuwa na sura ya kumpendeza mtu.

Hapa niwaeleze habari ya fedha, maana ndiyo iliyotuua. Mkonge ulikuwa na wenyewe. Wenye mashamba walikata sehemu ya mauzo yao kwa ajili ya utafiti, na wao wenyewe walikaa mezani kuuliza wanachotaka kujua. Kahawa nayo ilikuwa na walioilinda. Mahindi na mtama vililimwa na kila mtu, vikaliwa na kila mtu, kwa hiyo havikuwa na mwenyewe. Baada ya Uhuru serikali yetu ilitaka kurekebisha hilo, na baada ya Azimio wafadhili nao wakaja na mioyo yao. Lakini mwaka wa fedha ulianza Julai, karatasi zikazunguka meza hadi meza, na vuli yetu hunyesha mwishoni mwa mwaka bila kuuliza. Fungu la mbolea lilifika mahindi yakiwa yamechanua. Fungu la dawa ya ghala lilifika wadudu fukuzi wakiwa wameshapata wajukuu. Msimu mmoja Mwasha aliazima ng'ombe wa jirani kulimia shamba la serikali, na jirani huyo akachekwa kilabuni kwamba ameiajiri serikali.

Mkuu wa mradi alikaa mjini. Vibarua walimwita Bwana Kesho, kwa sababu ukimwomba chochote hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Kitu kimoja tu hakikungoja kesho: picha. Kila fungu lilipokaribia kwisha alikuja na mpiga picha kutafuta mahindi ya kijani.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Familia nyingi ziliteremshwa kutoka vilimani zikapangwa kwa mistari huku chini, karibu na barabara. Watu waliozoea ukungu wakawa wakulima wa vumbi. Ghafla swali letu la shambani likawa swali la kijiji kizima: watakula nini? Mradi ukapata ahadi ya fedha za kuzalisha mbegu nyingi kwa ajili ya tambarare yote, na mbegu yenyewe ingekuwa moja. Itakayoshinda msimu ule ndiyo ingepandwa kila mahali. Mama Nakijwa alikuwa akinisimamisha njiani. "Kifupi wangu anaendeleaje? Bado anasumbua?"

Alikuwa anaendelea vizuri. Mvua za msimu ule zilianza kwa fujo, kisha zikakatika mahindi yakiwa yanaanza kuchanua. Kwa watafiti wa ukame hiyo ni bahati. Mungu alikuwa ametuletea mtihani wenyewe. Mrefu alijikunja majani kama sigara, akaanza kuungua kutoka chini. Kifupi naye alijikunja mchana, lakini jioni alifunguka, na alikuwa ameshatoa nywele za magunzi. Mtu yeyote angeweza kusimama barabarani akaona tofauti.

Wakati huo ndipo Bwana Kesho alipokuja kututangazia kwamba wafadhili watafika, pamoja na mkubwa kutoka serikalini, kukagua kabla ya kutoa fungu la mbegu. Alishuka kwenye gari, akatazama shamba, akashika kiuno.

"Mwasha, hii nini? Unataka kuwaonyesha wageni makuti ya kuezekea?"

"Nataka kuwaonyesha jibu, bwana mkubwa. Hawa wamekufa, hawa wamepona. Tumelipwa miaka yote hii tufike hapa."

"Mgeni hatoi fedha kwa mahindi yaliyokufa."

"Basi mgeni hajui anachonunua."

"Wewe unajua sana," alisema Bwana Kesho, akapanda gari. Hakurudi mjini moja kwa moja. Alipita kwa mwenyekiti wa kijiji. Aliyomwambia niliyasikia baadaye kutoka kwa mwenyekiti mwenyewe: kwamba wageni wa taifa wanakuja, kwamba shamba la kituo limekauka, na kwamba aibu itakuwa ya Wapare wote.

Siku iliyofuata nilikuwa Same, nimetumwa kuchukua vibao vya kuandikia majina ya mbegu. Ndivyo walivyotaka wakubwa, vibao vipya. Niliporudi na basi nilisikia nyimbo kabla sijafika shambani. Baragumu lilikuwa limepigwa alfajiri, watu wakaitwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji na kutengeneza ndiva ambayo kwetu hakuna anayekwepa. Walikuwa wamezibua mdomo wa mfereji. Kaya zote zilikuwa zimeacha zamu zao, katika ukame ule, bustani zao za mboga zikinyauka nyumbani, na maji yote ya ndiva yalikuwa yanatembea taratibu kati ya mistari yetu. Mama Nakijwa alikuwa mbele, sketi ameipandisha, tope mpaka magotini.

"Bibi Shamba!" alinipigia kelele. "Tumekuokoa!"

"Mama, mmefanya nini?"

"Tumekupa zamu zetu. Wageni wakute mtoto wetu anakufa kwa kiu, na sisi tuko hapa? Watasema hatukulelewa."

Watu wenye shida kuliko wote walikuwa wametoa kitu cha thamani kuliko vyote walivyokuwa navyo, na kwa kukitoa walikuwa wamefuta jibu la swali lao wenyewe. Hakuna aliyewahi kuwaeleza kwa nini shamba lile liliachwa likauke. Hilo pia lilikuwa jambo la mpangilio: katika mradi wetu mkulima alipewa mbegu, amri na hotuba, lakini swali hakuambiwa. Mwasha alikuwa ameketi juu ya tuta, viatu vyake ndani ya maji, miwani mkononi.

"Waambie asante," alisema bila kunitazama. "Waambie asante sana, halafu waambie waende nyumbani."

Wageni walichelewa, kama kawaida ya wageni, na kila siku waliyochelewa Mrefu alizidi kupata nafuu. Walipofika alikuwa amesimama wima, kijani kibichi, anaringa. Kifupi alikuwa vilevile, mfupi. Mkubwa kutoka serikalini aliuliza ipi ni bora. Bwana Kesho alinyoosha mkono kwa Mrefu, na mpiga picha akaelekeza kamera huko huko.

Mwasha akasema kwa sauti ya kusikika, "Shamba hili limenyweshwa. Halina tena jibu la kutoa."

Bwana Kesho akacheka. "Mtaalamu wetu anapenda mzaha," alisema, na wageni wakacheka naye, wakaenda kula. Wali, na mbuzi.

Wakati wa mavuno Mrefu alishinda, kwa maji ya kina Mama Nakijwa. Mwasha aliandika kwamba msimu ufutwe na jaribio lirudiwe. Alijibiwa kwamba fungu limetolewa kwa ajili ya matokeo ya mwaka huu, na mwaka huu hauwezi kukosa matokeo. Alipoandika tena, alihamishiwa kwenye tumbaku, mbali sana. Kule, alinitania siku ya kuagana stesheni, angalau zao lina mwenyewe, na mwenyewe hapendi kudanganywa.

Fedha za kuzalisha zikaenda zote kwa Mrefu. Kifupi alibaki ghalani kwetu, ndani ya debe, anangoja dawa. Niliomba dawa ya ghala. Mnajua jibu nililopewa.

Msimu uliofuata ulikuwa wa kilimo cha kufa na kupona. Viongozi waliamuru kila kaya kijijini ipande mbegu ya mradi, mstari kwa mstari, na aliyeonekana na mbegu za darini alihesabiwa mpinga maendeleo. Watu waliogopa, wakazisaga wakala. Mvua ilikatika mahali pale pale ilipokatikia mwaka uliopita, mahindi yakiwa yanaanza kuchanua. Safari hii hakuna aliyemnywesha Mrefu. Alikufa kutoka barabarani mpaka mguuni mwa mlima, kijani kwanza, kisha rangi ya karatasi ya kaki, na kwa sababu alikuwa mrefu tulimwona akifa kutoka mbali.

Nafaka ya msaada ilikuja kwa treni, ile ya njano tuliyoiita yanga. Watu walipanga foleni Makanya, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mtumishi, nilipewa kazi ya kusimamia foleni. Mama Nakijwa alifika mbele yangu na kikapu kitupu. Hakunishangilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sijaja kuchukua yanga. Nimekuja kuchukua kikapu changu."

"Mama..."

"Nilikukopesha. Nyumbani hakuna hata punje, wamesema tupande yenu, tumepanda yenu. Sasa nirudishie Kifupi wangu nipande vuli."

Nilimpeleka ghalani. Sikuwa na ujasiri wa kumweleza, nikamfungulia debe. Fukuzi walikuwa wamemaliza kazi yao. Ndani ya debe kulikuwa na unga mwepesi, wa kijivu, na maganda. Aliingiza mkono mpaka kiwiko, akaupitisha chini kabisa, polepole, kama mtu anayetafuta pete. Aliutoa umejaa unga ule wa kijivu. Akaupangusa kwenye kanga.

"Kwa hiyo maji yetu yalikwenda wapi?" aliuliza.

Akarudi kwenye foleni, mwisho kabisa, akachukua yanga kama wengine. Kila nilipokutana naye baada ya hapo aliitikia salamu yangu, na hakuniita tena mwanangu.

Miaka mingi baadaye nilimtembelea Mwasha Kighare, amestaafu, analima migomba. Nilimuuliza kama alipohamishwa aliondoka na magunzi mawili matatu mfukoni. Alikasirika. "Nilikuwa mtumishi wa serikali," alisema. "Sikuwa mwizi wa mbegu." Tukanywa chai, na nadhani sote wawili tulitamani angekuwa mwizi.

Mimi nilibaki kwenye nafaka mpaka mwisho. Nimeona miradi mingi, mingine mizuri, na nimefurahia kazi yangu mara nyingi kuliko andiko hili linavyoonyesha. Nikiulizwa nafaka ya nchi hii itakuzwa na nini, nasema hivi: kila gunia linaloingia sokoni likatwe kidogo kwa ajili ya utafiti, kama mkonge ulivyofanya, na wanaokatwa wakae mezani maswali yanapoulizwa na majibu yanaposomwa, hata majibu mabaya. Fedha hizo zitolewe kabla ya mvua. Nimelisema hilo katika vikao mpaka makatibu wakaacha kuliandika.

Sasa nawajibu. Mlinialika kutazama jaribio lenu jipya la mahindi ya kuvumilia ukame, Makanya, si mbali na lilipokuwa letu. Nilifurahi. Nilishuka kwenye gari, nikaona mistari imenyooka, vibao safi, mahindi ya kijani kabisa, wakati njia nzima kutoka Same nilikuwa nimepita mashamba yaliyoungua. Nikainama nikachukua udongo. Ulishikana mkononi. Nikamuuliza kijana wenu aliyekuwa akinitembeza, msomi, mpole, amenishika kiwiko nisijikwae.

"Mwanangu, nani kanywesha hapa?"

Akatabasamu. "Ni kwa heshima yako, mama. Tuliona aibu ukute yamekauka."

Ndiyo maana sikula.

Futeni msimu huu. Andikeni wazi kwamba shamba lilinyweshwa, na kwa nini, na waambieni waliowapa fedha kwamba mwaka huu hamna jibu. Waiteni wanakijiji muwaonyeshe mdomo wa mfereji na muwaeleze sababu ya kuuziba. Kisha pandeni kwa mvua peke yake, acheni yakauke yatakayokauka, na mniite tena nije nitazame mabua. Siku hiyo nitakaa chini ya turubai lenu na nitakula.